Kikopo cha lenzi kisuguliwe kama mtungi

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mkakasi, kwa vijana wasioujua, ni kile kikopo cha urembo chenye kifuniko, kilichotiwa nakshi na rangi za kupendeza, ambacho akina mama wa zamani walikitumia kuwekea vitu vyao vidogo vidogo. Ukikitazama rafuni kinavutia. Kikiingia maji, rangi huchujuka na uzuri wote ukaisha. Methali hii ilikusudiwa watu, lakini siku hizi mimi naona inakifaa kabisa kitu kingine: kile kikopo cha plastiki chenye vijumba viwili na vifuniko viwili, ambamo vijana wetu wengi wa mijini hulaza lenzi zao za machoni kila usiku.

Lenzi hizi ni vipande vyembamba vya plastiki ambavyo mtu huvipachika juu ya mboni badala ya kuvaa miwani. Wako wanaozivaa kwa kuwa hawaoni mbali. Wako pia wanaoona vizuri kabisa, ila wanataka macho ya rangi ya asali, ya kijani au ya samawati siku ya harusi, au mbele ya kamera. Mimi ni mtu wa miwani tangu ujana wangu, na sina ugomvi na yeyote kati yao. Binadamu amejipamba macho tangu kale. Wanja wa manga tumeurithi kwa bibi zetu na hakuna aliyetukataza.

Ugomvi wangu uko mahali pengine. Naona kwamba tumelipokea pambo hili kwa mikono miwili, lakini kazi ya nyumbani inayokwenda nalo tumeiacha dukani. Lenzi tunaijua bei yake, rangi yake na jina lake. Kikopo hakuna anayekijali, na ndicho chenye hatari.

Kitu hiki si cha jana. Daktari Adolf Fick aliandika habari za lenzi zake za kioo mwaka 1888 alipokuwa Zurich, Uswisi. Zilikuwa nzito, na mtu hakuweza kuzivumilia kwa zaidi ya saa chache. Lenzi laini tunazozijua zilitokana na mwanakemia wa Chekoslovakia aliyeitwa Otto Wichterle. Siku za Krismasi ya mwaka 1961 yeye alizitengeneza nyumbani kwake, kwa kimashine alichokiunga kutokana na vyuma vya kuchezea vya mwanawe. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliruhusu ziuzwe nchini humo, na baadaye zikaenea ulimwenguni. Ulaini wake ulitokana na maji, kwani lenzi za kwanza za namna hiyo zilikuwa na maji kiasi cha asilimia 38. Ndiyo sababu haziwezi kuachwa mezani kama miwani. Sharti zilazwe ndani ya dawa, na dawa sharti iwe ndani ya chombo. Na chombo chenye majimaji usiku na mchana hakikosi wageni.

Mkeka juu ya sakafu

Hebu tuangalie kwanza jicho lenyewe. Mbele ya mboni pana ngozi angavu kama kioo, ambayo madaktari huiita konea. Ngozi hii haina mshipa wa damu hata mmoja, kwani ingekuwa nayo tusingeona vizuri. Hewa yake huipata moja kwa moja kutoka nje, na walinzi wake wakubwa ni machozi na kope. Kila tunapopepesa, machozi huifagia. Tena machozi si maji matupu. Mwaka 1922 Alexander Fleming, yule yule aliyekuja kugundua penisilini mwaka 1928, alieleza kwamba ndani ya machozi mna kitu kinachoweza kuwayeyusha bakteria wa aina fulani.

Sasa ukiweka lenzi juu ya konea, umetandika mkeka juu ya sakafu. Ufagio haupiti tena kama ulivyokuwa ukipita. Kilichoingia chini ya mkeka hukaa hapo, na kikikuta mkwaruzo hata mdogo namna gani, hupenya.

Miongoni mwa bakteria wanaoogopwa sana na madaktari wa macho ni yule anayeitwa Pseudomonas aeruginosa. Makao yake ni mahali penye majimaji: kwenye sinki, mifereji, udongo na maji yaliyokaa. Akiingia katika konea iliyojeruhiwa hana subira. Katika muda wa siku moja au mbili aweza kuiharibu vibaya. Hata mgonjwa akitibiwa na kupona, mara nyingi hubaki na kovu jeupe, kile ambacho wazee walikiita chamba. Kovu hilo likikaa katikati ya mboni, jicho litaona ukungu, na huenda dawa iliyobaki ikawa ni kushonewa konea ya mtu aliyekufa.

Huyu bakteria huingiaje? Huja kwa vidole visivyonawiwa, kwa maji ya bomba, na kwa mirusho ya majimaji ya chooni na bafuni, ambako watu hupenda kukiweka kikopo. Akishaingia hakai akielea tu. Hujibandika kwenye plastiki, akazaana na kujifunika kwa ute. Kiswahili chetu kina neno zuri la kitu hiki, nalo ni ukoga. Ni utando ule ule unaokaa menoni mtu asipopiga mswaki, ndugu yake ule utelezi unaoshika ndani ya mtungi uliosahauliwa. Dawa ya lenzi yaweza kuwaua bakteria waliotawanyika majini, lakini waliojificha ndani ya ukoga haiwafikii vyema. Kwa hivyo ukoga hauondoki kwa kumiminiwa dawa. Huondoka kwa kusuguliwa. Wachunguzi wa nchi mbalimbali wamevipima vikopo vya watu wasio na ugonjwa wowote, na mara kwa mara wamekuta kwamba nusu yake au zaidi vina bakteria ndani.

Elimu ya mtungi

Nimetaja mtungi, na sikuutaja bure. Nani kati yetu aliyelelewa pwani asiyekumbuka jinsi bibi alivyoutunza mtungi wake? Maji yaliyobaki hayakuongezewa mengine juu yake. Yalimwagwa. Mtungi ulisuguliwa ndani kwa makumbi ya nazi mpaka utelezi ukaisha, ukasuuzwa, ukafudikizwa juani mpaka ukakauka. Ndipo ulipofukizwa ubani au udi na kutiwa maji mapya. Mtoto aliyethubutu kutumbukiza mkono ndani alikipata cha moto, kwa sababu kata ya kuchotea ilikuwapo na ilikuwa na mahali pake pa kutundikwa. Bibi hakuwa na darubini ya kumwonyesha bakteria, lakini desturi yake ilimfukuza.

Sasa sikiliza maagizo ya madaktari wa macho kuhusu kikopo cha lenzi. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kwa kitambaa safi. Mwaga dawa yote ya jana. Kisugue kikopo kwa kidole safi, ukisuuze kwa dawa mpya wala si kwa maji, ukipanguse kwa karatasi laini iliyo safi, ukifudikize kikauke pamoja na vifuniko vyake. Lenzi yenyewe nayo isuguliwe kwa dawa kiganjani kabla ya kulazwa. Na kila miezi mitatu, au hata kabla ya hapo, kikopo kitupwe kinunuliwe kingine. Je, hapo umeona tofauti gani na elimu ya bibi, isipokuwa ubani?

Tunaambiwa kila siku kwamba vitu vya kisasa vinataka akili ya kisasa. Mimi nasema hiki kinataka akili ya mwenye mtungi.

Mwaka jana mpwa wangu, msichana anayesoma chuoni hapa Nairobi, alikaa kwetu wakati wa likizo. Jioni moja nilimwona kando ya sinki akitia matone machache ya dawa ndani ya kikopo chake, juu ya dawa iliyokuwamo.

“Hiyo ya jana huimwagi?” nilimwuliza.

“Dawa yenyewe ni ghali, Mjomba. Ya jana bado imo, naongezea tu.”

“Na kikopo chenyewe ulikinunua lini?”

Alicheka. “Kilikuja na lenzi zangu za kwanza, nilipomaliza shule.”

Nilimweleza niliyoyajua, naye akaitikia kwa adabu kama wapwa wanavyoitikia. Haikupita mwezi jicho lake la kulia likawa jekundu, likamwuma, na hata mwangaza wa dirishani ukawa adui yake. Alitaka kukimbilia duka la dawa anunue matone yoyote. Mamake akakataa katakata, akampeleka kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Baada ya kumtazama, daktari alisema, “Nileteeni na kikopo.” Kikopo kikapelekwa maabara, na bakteria waliopatikana humo wakawa ni wa aina ile ile iliyotolewa jichoni. Kwa siku kadhaa msichana alitiwa dawa kila saa, usiku na mchana, huku mama na mwana wakipokezana kuangalia saa. Jicho limepona. Limebaki na kidoa cheupe pembeni, na daktari alituambia kwamba kingekaa katikati ya mboni tungekuwa na maneno mengine.

Mamake alifanya la busara aliponyima yale matone ya dukani. Wauzaji wengine huwapa watu matone yenye steroidi kwa kila jicho jekundu. Wekundu hupungua, mtu akadhani amepona, kumbe steroidi imewalegeza walinzi wa mwili na adui anaendelea kula ndani kwa ndani. Mwenye lenzi akiona jicho jekundu, linauma au linaona ukungu, na avue lenzi mara moja na kwenda kwa daktari wa macho siku ile ile, na kikopo chake mkononi.

Hiyo tabia ya kuongezea

Neno “naongezea tu” nimelisikia mara nyingi, na ndilo ninalotaka lifutike. Dawa ya jana imekwisha kufanya kazi yake. Ni kama maji yaliyooshea vyombo: ukiyaongezea maji safi hayawi safi, bali umeyachafua na yale uliyoyatia.

Wenzetu walikwisha kulipia somo hili. Mwaka 2006 palitokea mlipuko wa maradhi ya konea yaliyoletwa na kuvu iitwayo Fusarium, kule Singapore, Hong Kong na Marekani. Marekani peke yake walithibitishwa wagonjwa 164, na karibu thuluthi moja yao walihitaji kushonewa konea nyingine. Wengi walikuwa wametumia dawa moja ya lenzi, ReNu yenye jina la MoistureLoc, na mwezi wa Mei mwaka huo kampuni ya Bausch & Lomb iliiondoa katika masoko ya dunia nzima. Jambo la kuzingatia ni kwamba kuvu hiyo haikupatikana kiwandani, wala ghalani, wala ndani ya chupa ambazo hazijafunguliwa. Ilikutana na dawa baada ya chupa kufunguliwa na mtumiaji. Ni kweli dawa ile ilikuwa na udhaifu wake, na ilistahili kuondolewa. Lakini udhaifu huo ulidhihirika mahali pale pale tunapopazungumzia, yaani nyumbani, katika vikopo vya watu.

Na wale wanaosema kwamba badala ya dawa ghali watachemsha maji na kutia chumvi, wao pia wana historia ya kusoma. Katika miaka ya 1980 Wamarekani wengi walikuwa wakijitengenezea maji ya lenzi kwa vidonge vya chumvi. Kukazuka maradhi ya kutisha yanayoletwa na kijidudu kiitwacho Acanthamoeba. Huyu si bakteria, bali ni mla bakteria. Kikopo chenye ukoga kwake ni ghala la chakula. Huishi katika maji ya bomba, ya matangi, ya mito na ya madimbwi ya kuogelea, na anapotishwa hujifungia ndani ya ganda gumu ambalo hata klorini ya maji ya bomba hailimudu. Maumivu yake ni makali, na matibabu yake huenda yakachukua miezi mingi. Huko Uingereza wachunguzi walipopima maji ya bomba katika nyumba za wagonjwa, walikuta katika baadhi ya nyumba vijidudu vinavyolingana na vile vilivyotolewa machoni mwao. Na sisi, ambao maji yetu hulala siku nyingi katika matangi ya juu ya nyumba na katika mapipa, tutasemaje? Lenzi na maji ya bomba wasikutane kabisa, si kwa kusuuza, si kwa kuoga, si kwa kuogelea. Na mate yasitajwe hata kidogo. Nimewaona watu wakiiramba lenzi iliyoanguka na kuirudisha jichoni.

Najua yupo atakayeniambia: “Mzee, nimevaa lenzi miaka kumi sijaona lolote.” Sitabishana naye. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1989 ulionyesha kwamba kati ya watu 10,000 wanaovaa lenzi laini mchana tu, wapatao 4 ndio wanaopata kidonda cha konea kwa mwaka. Kwa wanaovaa zile za kulala nazo, idadi ilikuwa wapatao 21. Bahati iko upande wa wengi. Lakini hao 4 na hao 21 wana majina, na kila mmoja wao siku moja kabla alikuwa akisema hajaona lolote.

Wala asidhani mtu kwamba uzembe huu ni wetu peke yetu. Mwaka 2015 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia maradhi, CDC, ilitangaza kwamba katika watu wazima iliowauliza, karibu wote walikiri angalau tendo moja la hatari. Asilimia 82 walikaa na kikopo kuliko muda unaofaa, asilimia 55 waliongezea dawa juu ya dawa, na asilimia 50 walilala na lenzi machoni. Hao ni watu wenye maduka ya dawa kila pembe. Kwa hivyo dawa haiko katika utajiri tu. Iko katika desturi ya nyumba.

Wauzaji nao wasikie

Hata hivyo sitawatwika wanunuzi mzigo wote. Kuna wauzaji wa lenzi za rangi wanaoziuza kama hereni. Mnunuzi hapimwi jicho, haonyeshwi namna ya kunawa wala namna ya kuvua, na akiondoka amebeba lenzi mbili bila ya chupa ya dawa. Harusi ikiisha, dada mtu huazimwa, kisha rafiki, na kila mmoja huacha chake ndani ya kikopo kile kile. Mtu hamwazimi mwenzake mswaki. Vipi amwazime kitu kinacholala juu ya mboni?

Rai yangu kwa wauzaji ni hii. Asiuziwe mtu lenzi, hata za urembo, kabla jicho lake halijapimwa na mtaalamu. Kila chupa ya dawa iuzwe pamoja na kikopo kipya, ili la miezi mitatu lijitimize lenyewe. Na mafunzo yatolewe kwa mikono, mbele ya sinki, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa sababu karatasi yenye maandishi kama mchanga inayofungwa ndani ya boksi hakuna aisomaye.

Na kwa wanunuzi, nitasema jambo ambalo halitawapendeza baadhi yao. Bei ya lenzi si bei ya lenzi tu. Ni pamoja na dawa ya kila usiku na kikopo cha kila robo mwaka. Mtu akiona hawezi kuilipa yote, basi hana uwezo wa kuvaa lenzi kwa sasa, na si aibu. Zipo lenzi za kuvaa siku moja na kutupwa, ambazo hazihitaji kikopo kabisa, na mwenye kuzitaka kwa siku ya harusi tu zamfaa zaidi, mradi asizirudie kesho. Na ipo miwani, ambayo humwonyesha mtu njia bila ya kudai chochote zaidi ya kitambaa cha kupangusia.

Wewe unayesoma haya na kikopo chako kipo bafuni sasa hivi, ukimaliza ukurasa huu kachukue. Fungua vifuniko, pitisha kidole safi ndani, uone kama kunateleza. Kama kunateleza, usikitie dawa nyingine. Kitupe.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye hoja ya kunipinga na ailete, nami nitamsikiliza, lakini asije na ile ya kuongezea tu.